Barua kutoka Moshi kuhusu kuta za Mbweni

Moshi,
Julai

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwezi huu imetubana, na Kibo hatujakiona tangu wiki iliyopita kwa mawingu. Natumaini wewe, mzee na watoto nyote mu wazima. Ama baada ya salamu, nimefurahi mno kusoma kwamba umekubali kuwapokea wanangu wawili watakapokuja Unguja mwezi wa Desemba. Uliniuliza kwa nini nang'ang'ania wafike Mbweni, kwenye magofu ya shule ya wasichana ya misheni, penye kuta zisizo na paa, ilhali Mji Mkongwe peke yake ungewatosha kwa siku zote watakazokaa. Nitakujibu kwa urefu kidogo, uniwie radhi.

Shule ile ina mwanzo wa mbali. UMCA, misheni ya Kianglikana iliyozaliwa kutokana na hotuba ya Livingstone kule Cambridge mwaka 1857, ilijaribu kwanza kufanya kazi katika bonde la mto Shire, Malawi ya leo, ikafiwa na askofu wake Mackenzie mwaka 1862, na mwaka 1864 Askofu Tozer akaja Unguja pamoja na Dakta Edward Steere. Walifika bila mwanafunzi hata mmoja. Wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa, ambao Sultani Majid aliwakabidhi askofu. Hilo ndilo ninalotaka wanangu walijue kabla ya jingine lolote. Shule hii haikuanza na watoto wa wakubwa walioshikwa mkono na baba zao hadi mlangoni. Ilianza na watoto ambao hapakuwa na mtu wa kuwaleta, wala wa kuja kuwaulizia siku ya kufunga shule. Mmoja wa watano hao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879.

Wavulana walipata makao yao Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja, na wasichana baadaye wakapelekwa Mbweni, katika shamba lililonunuliwa mwaka 1871, ambako watu wazima waliokombolewa nao walipewa mahali pa kujenga na kulima. Watoto hao walitoka kwa Wayao, kwa Wanyasa na kwa makabila mengine mengi ya bara, wala hawakuelewana kwa lugha za mama zao. Kilichowaunganisha bwenini, darasani na kanisani kilikuwa Kiswahili cha Unguja. Steere alikisikiliza kwa makini, akachapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, na wavulana wa misheni wakafundishwa kazi ya kupiga chapa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kiunguja kilikuwa tayari kimekwisha kuandikwa na kuchapwa kwa zaidi ya nusu karne. Mimi Mchaga nawe Mtumbatu tunaandikiana barua hii bila kutafutiana mkalimani, na kila nikiifikiria neema hiyo nawakumbuka watoto wale.

Sasa nije kwenye majengo yenyewe. Unakumbuka siku ile ulipoingiza mkono wote katika tundu la ukuta, ukatoa unga mweupe na kibanzi cha mti uliooza? Lile lilikuwa tundu la boriti. Tafadhali waoneshe wanangu matundu hayo yalivyopangwa mstari mmoja, kwa maana ndiyo yanayoeleza dari ilikuwa wapi na ghorofa ilianzia wapi. Waeleze pia kwamba boriti ni mti wa mkoko, haupatikani kwa urefu wowote unaoutaka, na kwa hiyo vyumba vya nyumba za mawe vya Unguja ni vyembamba hata pale mwenyewe alipokuwa na nafasi na fedha za kutosha. Kuta ni za matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo huvumilia mengi maadamu una kofia kichwani. Paa likishaondoka, mvua huingia kwa juu, chokaa hulegea, mizizi ya miti hupenya, na jiwe moja baada ya jingine huanguka. Nilipoufuta ukuta wa kikanisa kwa kiganja, mchanga ulinishukia miguuni kama unga wa mahindi unaochekechwa, nikaondoa mkono upesi kwa kuogopa kuharibu zaidi. Uwakataze watoto kupanda juu ya kuta.

Ndani ya kuta hizo Bi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877, aliongoza shule kwa takriban miaka 25. Wasichana walijifunza kusoma, kuandika, kuhesabu na dini, na baadhi yao wakawa walimu. Wengine, walioonekana hawana kipaji cha vitabu, walitengwa wafundishwe kupika, kushona na kufua. Nimekuwa mwalimu kwa miaka 31, na utengaji huo unaniuma hata leo, kwa sababu najua mtoto aliyetolewa baharini akiwa na njaa na hofu hawezi kuonesha kipaji chake kwa haraka. Hata hivyo siwezi kuidharau shule iliyomfundisha msichana kusoma wakati ambapo soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limefungwa miaka michache tu, mwaka 1873. Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyekombolewa, akasomea Kiungani na kuwa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ile mwaka 1890, alioa msichana aliyelelewa Mbweni. Padri anatajwa kila mahali, naye mkewe hatajwi sana, nami naomba wanangu wapajue mahali alipolelewa mama huyo.

Kiungani yenyewe ilihamia bara, Minaki karibu na Kisarawe, mwaka 1925, na sasa Minaki ni shule ya serikali. Wakikuuliza habari za kwetu, uwaambie kwamba Waanglikana wa misheni nyingine, CMS, walifungua kituo hapa Moshi mwaka 1885, kwa Mangi Rindi, mtawala wa Moshi wakati ule, lakini Wajerumani waliwashuku, wakaondoka mwaka 1892 kwenda Taveta, na Walutheri wa Leipzig wakaja mwaka uliofuata. Ndiyo maana huku hatuna chuo cha zamani cha Kianglikana cha kuwaonesha, nikakuomba wewe.

Wapeleke jua likiwa limepoa, baada ya swala ya alasiri kama itakuwa rahisi kwako, kisha uwapitishe katika kanisa la Mtakatifu Yohana lililo jirani, ambalo bado linasaliwa, walione jengo la zama zile likiwa na paa lake. Mkubwa nimempa daftari. Nimemwagiza ahesabu matundu ya boriti ya ukuta mmoja na kuuchora jinsi ulivyo leo, kwa maana ukuta huo ukianguka mchoro wake utabaki. Tafadhali mshikie futi upande wa pili. Watakuletea kahawa ya shambani kwetu, niliyoikaanga mwenyewe, na kitambaa kile ulichoniagiza.

Nisalimie mzee na majirani wote.

Ni mimi rafiki yako,
Mwalimu wa Moshi