Kabla hujapanda basi Ijumaa

Mwanangu Neema,

Unasema sumaku inahamisha mistari ya giza inayotokea ukutani leza ikimulika unywele, na Ijumaa unaipeleka nadharia yako ya mwanga mbele ya walimu. Nani alishika sumaku, na nani alikuwa akitazama mistari? Nijibu hilo kwanza.

Hesabu yako imenifurahisha. Unywele wa mikromita 70, leza ya nanomita 650, ukuta mita 3: mistari ya giza ipishane sentimita 2.8, nawe umepata hizohizo. Lakini ganda la betri ya leza ni chuma, na sumaku hulivuta. Ncha ya kalamu ya leza yenye urefu wa sentimita 10 ikipanda sehemu ya kumi tu ya milimita, doa linapanda milimita 3 ukutani. Ifunge kwenye ubao mzito, swichi ishikwe na selotepu, feni izimwe. Kisha sumaku uiweke katikati ya njia, mita moja na nusu kutoka kwenye leza. Kama kinachovutwa ni mwanga, mistari itahama hata hapo.

Blondlot, mwanafizikia wa Nancy, Ufaransa, hakuwa tapeli. Mwaka 1903 aliona cheche ikizidi kung'aa, akatangaza miale mipya aliyoiita miale N, na wengine wakasema wameiona. Mwaka 1904 Robert Wood, Mmarekani, aliingia maabara ile, na gizani akaondoa prizimu ya alumini iliyodhaniwa kuipinda miale hiyo. Vipimo viliendelea kusomwa vilevile! Ndiyo maana narudia: nani alishika sumaku?

Mwenzako wa bwenini akae nyuma ya pazia na vitambaa viwili, kimoja kina sumaku, kingine jiwe. Arushe sarafu kila mara kuchagua cha kuweka, asiseme neno. Wewe andika "imehama" au "haijahama" kabla hajakuonyesha. Mara 20. Ukipatia 10 au 11, ulikuwa unabahatisha. Kupatia 15 au zaidi kwa bahati tupu hutokea kama mara 2 katika 100. Na usiitazame leza kwa jicho!

Ulipokuwa mdogo uliuliza mbona upinde wa mvua una rangi, ukajibiwa "ndivyo ulivyo, kalete kuni". Jibu lile halikukustahili.

Bibi anaulizia dawa yake ya macho, ile ya chupa nyeupe. Unga kilo 5 utakuja na basi la Alhamisi, ufike stendi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Pipa la maji bado linavuja, baba yako anasema kesho.

Nitumie karatasi ya zile mara 20, hata ikiwa ni 10.

Mama yako