Barua kuhusu michoro na modeli ya paa lako

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Michoro yako ya awali imenifikia na nimeitazama kwa makini. Kabla hujaanza kuichora upya kwa usafi, nakuomba utengeneze modeli ya majaribio sasa hivi, ungali na nafasi ya kulibadili paa.

Nakuomba hivyo kwa sababu ramani ya paa huficha mambo. Pale mabawa mawili ya jengo lako yanapokutana umechora mstari mmoja wa bonde, nao kwenye karatasi haukupi shida yoyote. Lakini maji ya pande zote mbili yatamiminika humo, na yakifika chini yatakuta ukuta. Kadibodi nyepesi, mkasi na gundi vitakuonyesha hayo mapema. Chora mishale ya maji juu ya kadibodi yenyewe, kutoka kwenye mgongo wa paa hadi kwenye mfereji, na popote mshale utakapokosa njia, hapo ndipo usanifu wako haujakamilika.

Unapokata vipande, kumbuka kwamba ramani hulitazama paa kutoka juu, hivyo upande ulioinama huonekana mfupi kuliko ulivyo. Chukua bawa lako lenye upana wa mita 6 na mwinamo wa nyuzi 30: kutoka ukutani hadi usawa wa mgongo ni mita 3, kimo ni mita 1.73, na urefu halisi wa upande wa paa ni mita 3.46. Kwa skeli ya 1:50 ramani itakupa milimita 60, ilhali kipande chako kinatakiwa kiwe na milimita 69, mbali na upenu. Unene nao una hesabu yake, kwani kadibodi ya milimita 2 ni sawa na sentimita 10 za jengo halisi; usipoichonga kingo kwa mshazari, mgongo hautafunga vizuri.

Kuhusu lile paa lililopinda juu ya mlango, ambalo nimelipenda kweli, litafutie jiometri mapema. Msanifu majengo Jørn Utzon wa Denmark alishinda shindano la kusanifu Sydney Opera House, jumba la maonyesho la Australia, mwaka 1957, na ilichukua miaka kadhaa kupata suluhisho la kuyakata makombe yote ya paa lake kutoka kwenye uso wa tufe moja, lenye nusu kipenyo cha takriban mita 75, ndipo yakaweza kujengwa kwa vipande vinavyofanana. Wewe ukilitoa paa lako lililopinda kwenye mcheba mmoja, yaani umbo la bomba, kiolezo kimoja kitatosha kwa mbavu zote.

Mchoro wa mkato, unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima, ndio ninaouthamini kuliko yote. Uchore kwa 1:20, uonyeshe kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, inavyokaa juu ya ukuta na inavyofungwa ili upepo usiinyanyue. Kwa skeli hiyo kombamoyo, yaani mbao ya mwinamo wa paa, la milimita 50 kwa 150 huwa kijiti cha milimita 2.5 kwa 7.5, kwa hiyo unaweza kuunda kenchi moja kamili ya kusimamishwa kando ya modeli. Katika modeli ya mwisho, acha nusu ya paa bila kufunikwa ili kenchi zionekane. Rangi na miti ya mapambo ziweke kwa kiasi.

Tafadhali nitumie mkato huo kabla hujagandisha chochote, hata ukiwa wa penseli tu, tuuangalie pamoja pale bonde linapofika ukutani.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.