Kwa binti yangu mnyanyua vyuma

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, ukiacha goti la mama yako. Mzigo huu anakuletea kijana wa jirani anayekwenda Dar kwa treni. Atakukabidhi hapo stesheni ya Dodoma, kwa hiyo uwahi, treni haitakusubiri. Ukiambiwa saa ya kufika, wewe ongeza yako. Nimefanya kazi relini, najua ninachosema.

Dada yako amenionyesha picha. Chuma begani, jasho linakutoka, na nyuma yako wavulana wamesimama wanatazama. Niliiomba simu yake tena baada ya chakula nikasingizia kuangalia saa. Mjomba wako aliguna, akasema mtoto wa kike na vyuma wapi na wapi. Nikamuuliza zile ndoo za dagaa kutoka Kibirizi zilikuwa zinapandaje vichwani mwa mama zetu, akabaki anatafuta kofia yake. Vyuma sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni usiku.

Msichana unayelala naye chumba kimoja anajua cha kufanya? Nilikuuliza kwenye simu, ukanijibu "anajua, baba, anajua," halafu ukaniuliza habari za mbuzi. Kujua kwamba una sukari ni jambo moja. Kujua la kufanya saa tisa usiku, shuka limelowa jasho na wewe unaongea maneno yasiyoeleweka, hilo ni jambo jingine kabisa.

Nilikwenda kliniki ya sukari kuuliza mwenyewe. Nesi alinieleza taratibu, na nilimrudisha nyuma mpaka nikaelewa. Ukinyanyua vizito, mwili hutoa homoni zinazoliamuru ini kumwaga sukari kwenye damu. Ukipima muda ule unaweza kukuta mashine inasoma 12 au 13 (kwa kipimo cha mmol/L) na hujala kitu. Sasa wewe na haraka yako (mama yako anasema umeirithi kwangu) unajiongezea dozi ya insulini, ile sindano ya kushusha sukari. Kumbe saa chache baadaye misuli inaanza kurudisha akiba iliyotumia, inavuta sukari kutoka kwenye damu, na kazi hiyo inaweza kuendelea hadi saa 24. Ile dozi ya nyongeza nayo bado inashusha. Tena insulini yako ya jioni, ile nyeupe ya kuchanganya, ina sehemu inayofanya kazi polepole, nguvu yake inapanda katikati ya usiku. Vyote vitatu vinakukuta kitandani. Na dada yako ananiambia siku hizi jioni huli ugali.

Hapo ndipo niliposhika kichwa. Nani amekwambia uache ugali? Wale wa jimu? Wao wakiruka chakula wanapata njaa, basi. Wewe umeshachoma sindano, na sindano haijui kwamba umebadilisha mawazo. Dozi yako ilipangwa kwa mtu anayekula asubuhi na jioni kwa saa zake. Ukitaka kupunguza ugali, nenda kwa daktari kwanza mpange dozi upya, ndipo uguse sahani. Wala usiigeuze ukaona heri uache sindano ili usile. Bila insulini mwili wako unaanza kuchoma mafuta yake ovyo, damu inajaa tindikali, na kitakachofuata unakijua. Habari ya kukupeleka kwa yule mzee wa mizizi badala ya sindano, mama yako huwaambia watu kwamba lilikuwa wazo lake. Mwache aseme hivyohivyo.

Nimesikia pia kuna unga wa kopo wa kujenga misuli. Dada yako alinitajia bei nikadhani anataja bei ya mbuzi. Kwenye mzigo kuna dagaa wa ziwa letu, wamekaushwa vizuri, mama yako amewachambua mchanga punje kwa punje. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, sasa hilo kopo lina nini zaidi, picha ya mtu mwenye kifua? Kuna na maharage. Kula hivyo na ugali wa kiasi na mboga nyingi. Migebuka sikuweka, ingefika inanuka behewa zima.

Usidhani nakukatisha tamaa. Kuna Mwingereza mmoja, Steve Redgrave, mpiga makasia, aligunduliwa kisukari mwaka 1997 akiwa tayari ana dhahabu nne za Olimpiki. Akaendelea na makasia huku anajichoma insulini, na mwaka 2000 kule Sydney akachukua ya tano. Mimi mtu wa ziwani habari hiyo ilinikaa. Lakini mtu yule hakuwa analala na mwenzake asiyejua kitu. Sijui kama ninaeleweka.

Kabla ya vyuma pima. Ukiwa chini ya 5, kula kwanza, tena usubiri. Ukiwa juu ya 14, acha, na kama mkojo una ketoni, ile tindikali ya mafuta yaliyochomwa ovyo, usithubutu kugusa chuma siku hiyo. Siku ya miguu usichome pajani, choma tumboni, maana paja likifanya kazi dawa inakimbia mwilini haraka kuliko ulivyopanga. Na siku za vyuma nesi anataka ulale ukiwa 7 au zaidi. Ukiwa chini ya hapo kula kitu, hata kama umeshapiga mswaki. Usiniambie vijiti vya kupimia ni ghali. Najua, ndiyo maana nimeuza yule beberu uliyekuwa unamuulizia.

Jingine, mtu yeyote wa jimu akikuomba insulini ajaribu kujaza misuli, mkatalie hata kama ni rafiki. Wapo wanaofanya hivyo. Mtu mzima asiye na kisukari akijichoma ile dawa anaweza kuzimika akafa, na chupa itakuwa yako.

Asali ni ya Tabora, nimeagiza kwa mwenzangu wa zamani wa reli. Siyo ya chai! Chupa ndogo ikae kwenye begi la mazoezi, nyingine karibu na mto, mahali ambapo huyo msichana anapaona. Mwonyeshe: ukianza kutetemeka au kuropoka na bado unameza, akupe kijiko kikubwa kimoja, asubiri dakika 15, akupime, na ukiwa bado chini ya 4 akupe tena. Ukiwa umezimika asikutie kitu chochote mdomoni, akulaze ubavu na atafute gari la hospitali. Afanye mazoezi mbele yako, ashike mashine mwenyewe. Kama unaona haya kumwambia, nipe namba yake, mimi nitampigia. Nitampigia kweli.

Chungu nilichokifunga kwa kanga kuukuu ni cha dawa. Viko viwili, kikubwa na kidogo: kidogo kiingie ndani ya kikubwa, weka mchanga katikati yake, uloweshe maji kila siku, dawa ikae ndani ya kidogo. Umeme ukikatika joto la huko halitaiharibu. Chupa uliyokwisha kuifungua usiitumie zaidi ya wiki nne hata ikibaki nyingi. Mchanga utachota hukohuko, siwezi kusafirisha mchanga mpaka Dodoma.

Paa la jiko limeanza kuvuja upande wa kuni. Nitalitengeneza mawese yakiuzwa. Mdogo wako amekuwa wa tatu darasani na nyumba nzima hatupumui kwa majigambo. Mama yako anauliza kama bado unavaa lile sweta, na anasema picha nyingine ukipiga uvae shati refu kidogo. Hayo ni yake, mimi simo.

Ndoo ya mawese irudi na kijana huyohuyo akirejea, ni ya watu. Hela ya vijiti nimeituma kwenye simu ya dada yako, kwa sababu najua laini yako ina deni na wangeikata.

Baba yako