Nesi wa chumba cha mwisho, asante dada

Jina lako sikulishika dada, nakumbuka tu saa umeibana kifuani. Nilikuja kupima saratani ya mlango wa kizazi, kile kipimo cha siki, sasa ile kuambiwa panda kitandani miguu ikaanza kutetemeka, kanga yenyewe siwezi kufungua. Mwaka juzi sehemu nyingine nilifokewa eti "mbona kuzaa uliweza", nikaondoka zangu. Wewe ukafunga mlango, ukakaa, ukauliza polepole, "Kuna mtu alishawahi kukuumiza?"

Nililia jamani. Miaka 6 tumbo la chini linauma, yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) haziishi, antibayotiki nimemeza mpaka basi, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari za yule mwanaume niliyemkimbia. Ukanieleza kwamba mwili ukishaumizwa misuli ya nyonga inaweza kujikaza yenyewe, afu ukilazimishwa bila kondomu magonjwa ya zinaa yanaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi, sio kurogwa wala uchafu wangu (mama mkwe alishasema yote hayo). Kile kidude cha plastiki cha kupanulia uke wakati wa kupima ukanipa nikishike kwanza, ukasema nikisema basi unaacha. Nilisema basi mara mbili na kweli ukaacha.

Majibu mazuri. Kituo cha Mkono kwa Mkono, kile cha kusaidia waliofanyiwa ukatili, ulichonielekeza nimeshaenda mara 3. Leso yako ninayo, nimeifua.