Sharubu za panya zifundishwe darasani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi walimu wenzangu wa baiolojia hapa Mwanza wasiishie kwenye jicho na sikio wanapofundisha milango ya fahamu, kwa kuwa panya, ambaye wanafunzi wetu wamemzoea kama mharibifu tu, ana mengi ya kutufunza. Anapopita gizani kando ya magunia ya dagaa pale Kirumba, hupeleka sharubu zake mbele na nyuma mara kadhaa kwa sekunde, na kila sharubu inayogusa kitu hupinda na kuamsha neva zilizo kwenye mzizi wake. Taarifa hiyo hupitia shina la ubongo na thalamasi, yaani kituo cha ndani ya ubongo kinachopokea na kupitisha taarifa za hisia, hadi kwenye gamba la ubongo, upande wa kichwa usio wa sharubu hiyo. Huko, kama watafiti wa ubongo Thomas Woolsey na Hendrik Van der Loos walivyoeleza mwaka 1970, kila sharubu kubwa ina kundi lake la seli lenye umbo la pipa, na mapipa hayo yamepangwa kwa safu zilezile za sharubu usoni. Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba mzizi wa sharubu ukiharibiwa mara tu baada ya panya kuzaliwa, pipa lake halijengeki sawasawa, na mapipa jirani hupanuka.

Mwalimu wa sekondari,
Nyamagana, Mwanza