Uliza pesa itatokaje kabla hujaiweka kasino ya simu

Kwa Mhariri,

Mimi ni wakala wa M-Pesa hapa Kongowea, Mombasa, kibanda changu kiko karibu na stendi ya bodaboda kwa hivyo naona mengi, na siandiki kuwaambia vijana waache kubeti manake hilo wameshaambiwa na masheikh na mapasta na mama zao na bado wako pale pale. Naandika kuhusu pesa yenyewe, vile inaingia na vile inatoka. Kuingia hakuna shida, unabonyeza, STK (ile meseji ya M-Pesa ya kuomba PIN) inakuja, unaweka PIN, ushaingia na hata ile ndege ya mchezo wa Aviator haijapaa. Shida ni kutoka, na hapo ndipo watu hunijia kibandani kama vile mimi ndiye niliyeishika.

Kuna kijana wa boda hapa stendi alishinda 38,000 usiku, alfajiri akanipigia nimtayarishie keshi. Kumbe akaunti aliifungua kitambo kwa laini ya mamake kabla hajapata kitambulisho (hiyo nayo ni kesi nyingine), na hizi kampuni za hapa nyumbani pesa hurudi kwa namba ile ile uliyojisajili nayo, huwezi kuwaambia itumeni kwa hii ingine. Mama yuko Mariakani, kaamka kaona meseji, kajua mwanawe amemkumbuka, mpaka saa nne ashalipa fizi ya shule ya dadake na deni la duka. Kijana alipopiga simu alimkuta mama analia kwa furaha, sasa utamwambia arudishe?

Huyo angalau pesa ilibaki nyumbani. Kuna wale wa kasino za nje, zile hazina paybill (namba ya kampuni ya kulipia kwa M-Pesa), unalipa kwa GlobalPay, ile kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa, ama unanunua USDT, sarafu ya kidijitali ya thamani ya dola, kwa mtu wa Telegram. Jirani yangu mmoja alifikisha dola 410 kwenye akaunti, siku ya kutoa akaambiwa alete picha ya kitambulisho, akaleta, kisha bili ya stima yenye jina lake. Jamani, Kisauni hii nani ana bili ya stima kwa jina lake, si token ni ya landlord! Na alipopata jinsi ya kuwaridhisha wakamwambia ile bonasi aliyopewa mwanzo lazima aizungushe mara 40 kwanza. Bonasi ya 2,000 mara 40 ni 80,000, yaani ubeti elfu themanini ndio ukubaliwe kugusa chako, na sijaona mtu anazunguka hivyo akabaki na kitu. Hayo yote yalikuwa yameandikwa kwa masharti, lakini nani husoma masharti na mechi inaanza.

Sasa kuna jambo ambalo naona wengi hawajalielewa hadi leo, na ndilo lilinifanya nichukue kalamu. Tangu Julai 2025, sheria ya fedha ya mwaka huo ilipoanza, kodi imehama. Zamani walikuwa wanakata dau unaloweka, na ukishinda wanakata asilimia 20 ya ushindi. Saa hii ni asilimia 5 pesa ikiingia kwa akaunti yako ya kubeti na asilimia 5 ikitoka. Ukisikia hivyo unafurahi, asilimia zimeshuka. Lakini hebu piga hesabu, unaweka 1,000, zinakatwa 50, inabaki 950. Mke anapiga simu unga umeisha, unaamua kutoa bila kucheza hata raundi moja, inakatwa 47 na senti, inabaki kama 902. Unakuja kwangu kutoa keshi, makato 29, unaenda nyumbani na 873. Hujacheza! Labda tu kampuni iamue kukubebea kodi ya kuingia, hapo ni bahati yako. Na mimi nawaona wanaoweka asubuhi wakatoa mchana wakaweka tena jioni kama vile ni kibubu, kila mzunguko unaliwa pande zote mbili na hawajui pesa inakwenda wapi, wanasema tu leo sikuwa na bahati.

Alafu ukibahatika kweli kweli ujue M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa mara moja na laini haibebi zaidi ya 500,000, kwa hivyo uliza mapema kama kampuni hiyo inalipa kwa benki. Na usiache pesa nyingi ikilala huko ndani. Julai 2019 serikali ilipoagiza Safaricom ifunge paybill za kampuni 27 nilikuwa tayari niko kwa hii kazi, vijana walijaa hapa wananiuliza mimi pesa yao itatokaje.

Lingine dogo, mtu akikwambia umeshinda ila tuma kodi kwanza ndio utolewe pesa, huyo ni mwizi, kodi inakatwa na kampuni kwenye pesa hiyo hiyo kabla haijakufikia. Na kama namba unayotumia kuweka ni ya mtu binafsi, inatokea jina la fulani bin fulani badala ya kampuni, bonyeza kansela.

Ombi langu ni kwa hii mamlaka mpya iliyokuja na sheria ya kamari ya 2025. Walazimishe kila kampuni ionyeshe kwa Kiswahili, kabla STK haijaja, pesa itatoka kwa njia gani, baada ya saa ngapi, kiwango cha chini ni ngapi na itakatwa nini. Mistari minne tu. Mimi kibandani nimebandika orodha ya makato ukutani, na wao wabandike.

Yule wa boda nilimwambia afungue akaunti kwa laini yake mwenyewe. Anasema atafungua, lakini mama sasa humpigia kila Ijumaa kumuuliza kama mshahara umeingia.

Wakala wa M-Pesa,
Kongowea, Mombasa