Risala ya Wahudumu wa Kujitolea wa Zizi la Halmashauri kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Afisa Mifugo, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na wewe kwa kuacha majukumu mengi ukaja kukaa nasi juani. Kikundi chetu kilianza na vijana wachache na ndoo mbili. Leo tuna katiba, akaunti ya benki na fulana. Tunathubutu kusema kata hii imepiga hatua kubwa: mbwa wengi wana kadi za chanjo, na punda hawapigwi hovyo sokoni, angalau siku tukiwapo.

Hayo yatoshe, Mheshimiwa. Tulichokuitia ni zizi.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 haichagui mtunzaji. Aliye na mnyama mikononi mwake anawajibika kumpa chakula, maji, malazi na tiba, awe mfugaji, iwe halmashauri. Ng'ombe akizurura, mgambo humkamata na mwenyewe hutozwa faini. Hatupingi. Ila akishaingia zizini hana paa, na bomba lilikatwa kwa deni. Maji tunabeba kwa madumu. Faini zinazotozwa pale hatujui huishia wapi, ila maji hazinunui. Mkaguzi akija leo, wa kushtakiwa si mfugaji.

Linalotutisha zaidi ni mbwa. Aliyeng'ata mtu hutakiwa afungiwe peke yake, aangaliwe siku 10. Wetu hufungwa kamba kwenye nguzo moja na ndama, kwa kuwa chumba hakuna. Anayemwaga pumba asubuhi hupita hatua moja tu kutoka kwenye mdomo unaotoka udenda, naye chanjo ya kinga hajachomwa.

Mgeni Rasmi wa mwaka juzi aliahidi mabati. Tulipiga makofi, picha zipo. Wa mwaka jana aliahidi kufuatilia mabati ya mwenzake. Tunaamini yako njiani.

Tunaomba bomba lirudishwe, zizi liezekwe, kijengwe chumba cha mbwa chenye mlango wa chuma, na wahudumu wachanjwe. Makadirio ya fundi yamo kwenye bahasha uliyokabidhiwa, nakala kwa Mkurugenzi. Tunaomba pia, kwa heshima zote, kabla hujapanda gari utembee nasi hadi zizini, ni hapo tu nyuma ya soko, kisha ututajie tarehe. Katibu ameshafungua daftari.

Naomba kuwasilisha.